Ukomohedhi: Usitishwe na tarakimu ya mtandaoni kabla ya kuuliza ni ya nani

MWANAMKE wa miaka 51 anayeamshwa saa nane za usiku na joto la ghafla, shuka zimelowa jasho, aghalabu hamwendei daktari kwanza. Huchukua simu. Kabla ya jogoo kuwika atakuwa amesoma kwamba tiba ya homoni huleta saratani ya matiti, kwamba ni salama kabisa, na kwamba ipo mitishamba itakayomaliza adha hiyo kwa wiki moja.

Kauli hizi zinazokinzana zina chimbuko.

Mnamo Julai 2002, watafiti nchini Marekani walisitisha sehemu ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 ambao hawakuwa wameondolewa mji wa mimba waligawanywa makundi mawili. Moja lilimeza estrojeni pamoja na projestini, jingine vidonge visivyo na dawa. Habari iliyozagaa duniani ni kwamba homoni hizo ziliongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26.

Tarakimu hiyo haikuwa ya uongo. Lakini asilimia 26 ya nini? Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni, takriban 30 walipatwa na saratani hiyo kwa mwaka. Kati ya waliotumia, walikuwa 38. Tofauti ni wanane. Sisi tunaotunga vichwa vya habari twajua fika ni tarakimu ipi ingetangulizwa! Wanane hao si wa kupuuzwa, na waliopatwa na kiharusi pia waliongezeka kwa idadi kama hiyo. Hata hivyo, waliovunjika nyonga walipungua, jambo ambalo halikupigiwa mbiu.

Isitoshe, wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, ilhali wengi hutafuta tiba wakiwa na miaka 50 hivi. Uchanganuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana maradhi yanayomzuia, manufaa kwa kawaida huzidi madhara. Novemba 2025, mamlaka inayosimamia dawa Marekani ilitangaza kuanza kuondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililokuwa kwenye dawa hizo.

Kurasa za 2002 zingali mtandaoni, bega kwa bega na za jana. Kwa hivyo msomaji na atazame kwanza tarehe, kisha umri wa waliochunguzwa, kisha aina ya dawa.

Hilo la aina ya dawa ndilo huwaponza wengi. Estrojeni peke yake inafaa kwa aliyeondolewa mji wa mimba. Kwa ambaye angali nao, huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa mji huo, na ndiyo sababu huongezewa projestini au projesteroni. Anayeiga dawa iliyosifiwa na mwenzake mtandaoni, bila kujua kama mwenzake alifanyiwa upasuaji huo, anajitia hatarini. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu kwa kawaida hushauriwa kutotumia vidonge hivi. Zipo dawa nyingine zisizo na homoni ambazo daktari anaweza kumwandikia.

Na mitishamba? Neno 'asilia' kwenye chupa halithibitishi lolote, hasa pale anayeeleza ugonjwa ndiye huyo huyo anayeuza tiba.

Aliyesoma hayo yote anaweza kumfikia daktari akiwa na maswali mazuri, pamoja na tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa anazotumia na maradhi ya ukoo wake. Lakini anayetokwa na damu baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata kama ni tone tu, aiweke simu kando aende hospitalini akachunguzwe.