Mabadiliko Madogo ya Kila Siku Hujenga Mtu

Baada ya semina ya ujasiriamali, washiriki wengi hurudi nyumbani na mipango mingi mizuri: kuweka akiba, kutunza kumbukumbu, kusoma vitabu, kupunguza pombe. Tunapotembelea vikundi miezi michache baadaye, mara nyingi tunakuta mipango hiyo imebaki kwenye daftari la semina. Je, huu ni uvivu? Hapana. Wengi wetu tunataka kubadilisha mambo yote kwa siku moja, na nia peke yake haidumu.

Tabia hujengwaje?

Tabia ni jambo tunalolifanya bila kulifikiria, kwa sababu tumelirudia mara nyingi katika wakati ule ule au mahali pale pale. Mwaka 2010 watafiti wa University College London, Uingereza, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu 96. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku, kwa mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa kawaida ilichukua takriban siku 66 hadi jambo hilo kuwa mazoea. Wapo waliofikia kwa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. La kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Mfano wa daftari

Mtu akisema, "Nitatunza fedha zangu vizuri," bado hajajua afanye nini. Lakini akisema, "Kila nikimaliza chakula cha usiku nitaandika fedha iliyoingia na iliyotoka leo," ana kazi ya dakika tano, na chakula ndicho kinachomkumbusha. Baada ya wiki chache ataona mwenyewe vocha, soda na bodaboda zinachukua kiasi gani.

Akitenga shilingi 500 kila siku, kwa mwaka atakuwa na shilingi 182,500. Ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini sare, viatu na madaftari ya Januari bado ni jukumu la mzazi.

Hata hivyo faida si fedha tu. Mama mwenye daftari huzungumza na mumewe kwa hesabu, si kwa lawama. Baba anayeandika matumizi yake hawezi tena kujidanganya. Huko ndiko kukua.

Tuanzeje?

1. Chagua jambo moja tu, lile ambalo familia yako inalihitaji zaidi.
2. Liunganishe na jambo unalolifanya tayari kila siku, kama kuswaki, kukamua ng'ombe au kufunga duka.
3. Liwe dogo kiasi kwamba hata siku ya uchovu utaliweza.
4. Weka alama kwenye kalenda kila unapolitimiza.
5. Ukikosa siku moja, endelea kesho yake. Usisubiri mwezi mpya wala mwaka mpya.

Tunashauri kila kikundi kitenge dakika kumi katika mkutano ujao, kila mwanachama ataje jambo lake moja. Baada ya miezi miwili mulizane tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kama hatumimini kila siku.