Neno "Hifadhi" katika Nyanja Mbili: Istilahi za Usimamizi wa Mazingira na Hojaji ya Kidijiti

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa usimamizi wa mazingira anayetoka chuo kikuu kwenda kijijini siku hizi aghalabu habebi tena mafungu ya karatasi. Hojaji yake imo ndani ya simu au kishikwambi, katika programu kama vile KoboToolbox au ODK, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 2000. Humwuliza mwanakijiji maswali kuhusu hifadhi, huyaingiza majibu, kisha hubonyeza kitufe ambacho katika programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kimeandikwa neno hilo hilo: Hifadhi. Katika muda wa dakika chache umbo moja la neno limetumika kwa maana mbili, na zote mbili ni za kiistilahi.

Mwanaistilahi aliyelelewa katika kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja, kanuni iliyosisitizwa sana na Eugen Wüster wa Austria (1898-1977), huenda akaona kwamba kasoro iko hapo, na akapendekeza uwanja mmoja utafutiwe neno jingine. Makala haya yanatetea msimamo tofauti. Kushirikiana kwa neno baina ya nyanja mbili hakujaleta madhara yoyote ya maana. Madhara yamo ndani ya uwanja mmoja, yaani ule wa mazingira, ambamo hifadhi hutaja mambo yanayopingana, na hojaji ya kidijiti imeufanya utata huo uwe mgumu zaidi kuonekana.

2.0 Asili na umbo la neno

Kitenzi hifadhi kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti h-f-dh, na maana zake za awali katika Kiswahili zinafahamika vema: kulinda kitu kisidhurike, kukiweka kisipotee, na kukitia moyoni, kama asemavyo mwalimu wa chuo kwamba mwanafunzi wake amehifadhi juzuu kadhaa. Maana hizi tatu zinaunganishwa na wazo moja la kutopotea. Kwa hiyo mtafsiri wa programu za kompyuta aliyeliteua neno hili alichofanya ni kuirefusha kidogo maana iliyokwishakuwapo. Faili lililohifadhiwa limewekwa lisipotee, kama aya iliyohifadhiwa kifuani. Ni vizuri pia kwamba hakushawishika kuufuata muundo wa Kiingereza na kusema okoa. Kiarabu chenyewe hutumia mzizi huo huo kwa amri hiyo hiyo ya kompyuta.

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni kubwa za programu zilipoleta tafsiri zao, istilahi kadhaa za uwanja huu zimeshindana. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi zimegombea nafasi moja. Hiyo ya tatu haikuwa na bahati ya kupendwa, pengine kwa sababu iko karibu mno kwa sauti na kitenzi angamiza. Hifadhi imepita bila ushindani mkubwa, hata Google ikaiita huduma yake ya kuwekea mafaili Hifadhi ya Google.

Jambo la kimofolojia linalofaa kuangaliwa kwa makini ni kwamba kitenzi hiki, kama vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu, hakiishii na kiambishi -a, na nomino yake inaweza kupatikana bila kuongezwa mofimu yoyote. Kutokana na linda hupatikana ulinzi na mlinzi. Kutokana na pakua hupatikana upakuaji. Kutokana na hifadhi hupatikana, pamoja na uhifadhi na mhifadhi, nomino hifadhi isiyotofautiana na shina la kitenzi. Tendo, matokeo ya tendo, na mahali tendo lilipofanyika vyote vinaweza kuchukua umbo moja. Katika kiolesura cha kompyuta hali hii haina tatizo, kwa kuwa neno lililo juu ya kitufe husomwa kuwa ni amri.

Maneno mengine mawili yanaishi katika nyanja hizi mbili kwa amani hiyo hiyo. Mazingira, linalotokana na zingira, kitenzi kinachotumika pia kwa jeshi linalouzunguka mji, leo linataja misitu, maji na hewa, na vilevile mazingira ya kujifunzia katika mifumo kama Moodle. Rasilimali lilikuwa kichwa cha mali, yaani mtaji, katika Kiarabu. Likaja kutumika kwa maliasili, na katika jina la Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mtangulizi wake aliundwa mwaka 1967. Sasa linatumika pia kwa mihadhara na masomo yaliyowekwa mtandaoni. Wapo wanaopendelea nyenzo kwa maana hii ya mwisho, na wana hoja, kwani nyenzo ni kitu cha kusukumia kizito. Lakini hakuna mwanafunzi atakayedhani kwamba rasilimali za kozi yake ni magogo ya mininga.

3.0 Hifadhi katika usimamizi wa mazingira

Katika Kiswahili cha mazungumzo, Tanzania na Kenya, eneo la wanyamapori huitwa mbuga. Neno hili linaeleza sura ya nchi: uwanda wa majani, mara nyingi wenye udongo mweusi wa mfinyanzi. (Wataalamu wa udongo walilichukua hivyo hivyo likaingia katika Kiingereza chao cha Afrika Mashariki, mfano mmojawapo wa istilahi iliyosafiri kinyume cha mkondo wa kawaida.) Lugha rasmi ya Tanzania imeliacha neno hilo na kushika hifadhi ya taifa. Badiliko hili lina uzito kisemantiki. Mbuga haina mtenda, ipo tu. Hifadhi ina mtenda nyuma yake: yupo aliyehifadhi, kipo kilichohifadhiwa, na yupo ambaye kimehifadhiwa dhidi yake.

Ni huyo wa tatu ambaye istilahi haimtaji. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo kisheria. Wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi upande wa Serengeti walihamishwa, na Ngorongoro ikawa eneo ambalo wanyamapori na wafugaji wangekaa pamoja. Kiingereza kiliyapa maeneo haya mawili majina yenye vichwa tofauti. Kiswahili kina Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Yaani neno lile lile linaongoza utambulisho wa mahali ambapo mtu haruhusiwi kuishi na mahali ambapo sheria ilimtambua mkaazi. Tofauti yote ya haki imeachiwa neno eneo, ambalo katika mazungumzo ndilo la kwanza kudondoshwa.

Maana nyingine ililetwa na miradi ya udongo. Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Katika milima ya Kondoa mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mimea ilirudi, na watafiti wa chuo kikuu wakishirikiana na wenzao wa Uswidi wameueleza urejeo huo kwa kirefu. Kwa mkaazi wa Kondoa, hata hivyo, hifadhi ardhi lilikuwa jina la siku ng'ombe walipoondoka.

Mkoani Shinyanga mradi wenye jina linalofanana, Hifadhi Ardhi Shinyanga au HASHI, ulianza mwaka 1986 na ukachukua njia nyingine. Badala ya kuondoa mifugo, ulijengwa juu ya desturi ya Wasukuma ya kuziba sehemu ya malisho wakati wa masika ili itumike kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili, nayo yaweza kuwa ya kaya moja au ya kijiji kizima. Ngitili zilizofufuliwa zilifikia mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta inayoratibiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kiistilahi jambo hili linafundisha zaidi ya tuzo yenyewe. Mtendaji wa ngitili anajulikana: ni mwenye ngitili. Anayefunga ndiye atakayefungua. Neno hifadhi peke yake haliwezi kubeba habari hiyo.

Hali kadhalika ngazi za kisheria zina msamiati wake: pori tengefu, pori la akiba, hifadhi ya taifa, hifadhi ya msitu, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine huitwa kupandishwa hadhi. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba takriban kilomita za mraba 1,500 za Pori Tengefu la Loliondo zimekuwa pori la akiba, na mgogoro uliofuata ukafika mahakamani. Kwa mfugaji aliyekuwa akichunga hapo, ni shida kuona hadhi ya nani imepanda.

4.0 Utata unapoingia katika hojaji

Chukua mfano wa swali la kawaida: Je, kaya yako inanufaika vipi na hifadhi? Msailiwa wa kwanza anaweza kulielewa kuwa ni faida ya kupanda miti na kukinga maji katika shamba lake mwenyewe. Wa pili anaelewa ni mgawo wa mapato kutoka hifadhi ya taifa iliyo jirani, na anajibu kwamba hapati kitu. Wa tatu anafikiri anaulizwa kama anakubali kuhamishwa, naye anachagua jibu la tahadhari. Majibu yote matatu yanaingia katika safuwima moja.

Hojaji ya karatasi nayo ilikuwa na maswali yaliyokwishaandikwa, na haifai kuisifu kupita kiasi. Ila ilikuwa na pambizo. Msaili aliyeona kwamba neno halikueleweka aliweza kuandika pembeni kile alichoambiwa, na msimamizi wake akakisoma jioni. Katika hojaji ya kidijiti majibu mengi ni orodha ya kuchagua, na programu inaweza kukataa kusonga mbele hadi chaguo moja libonyezwe. Tena kila swali hupewa lebo kwa kila lugha inayohitajika, lakini jina la safuwima ni moja, aghalabu la Kiingereza. Mchanganuzi aliye chuoni hufungua jedwali na kuona jina hilo la Kiingereza, ambalo lilikwishachagua maana moja kati ya tatu kabla ya mtu yeyote kusailiwa. Neno la Kiswahili lililozungumzwa limebaki kijijini.

Kosa la aina hii halisahihishwi kwa kuongeza sampuli. Lebo iliyoandikwa mara moja ofisini inarudiwa kwa usahihi ule ule katika kila mahojiano, na kwa hiyo matokeo huonekana kuwa thabiti.

Hayo si mambo ya ndani ya chuo tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai miradi mingi ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi washirikishwe, na kanuni za mwaka 2005 zinataka taarifa iwe na muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Wanaoandika muhtasari hizo na kutayarisha ushahidi huo wengi wamesomea shahada zao kwa Kiingereza, na sasa sehemu ya mafunzo hayo hupitia katika mifumo ya mtandaoni, hasa baada ya vyuo kufungwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei 2020. Mfumo wa kujifunzia unaweza kuwa na vitufe vya Kiswahili vilivyotafsiriwa vema wakati mhadhara wenyewe hauna hata istilahi moja ya Kiswahili. Idara za Kiswahili zimeshughulikia zaidi vitufe.

5.0 Mambo yanayoweza kufanywa

Lugha yenyewe imekwishatoa nusu ya ufumbuzi. Uhifadhi, kwa kiambishi chake cha ngeli, linataja tendo na taaluma. Hifadhi linaweza kuachiwa mahali. Mgawanyo huu tayari unaonekana katika matumizi ya serikali, kwa mfano katika jina la Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, ingawa haujashikwa kwa uthabiti. Hojaji haina budi kuushika. Hifadhi kwa maana ya mahali isiandikwe peke yake kamwe. Ifuatwe na jina kamili la eneo na ngazi yake ya kisheria, hata kama swali litakuwa refu kwa kioo cha simu.

Maneno kama ngitili yasitafsiriwe kuwa hifadhi ya malisho. Tafsiri hiyo humwondoa mwenye ngitili na kumweka mhifadhi asiyejulikana, na Kiswahili kimekwishapokea maneno ya kutosha kutoka lugha jirani kiasi kwamba moja zaidi halitakilemea.

Hatimaye, kila hojaji ya aina hii iwe na sehemu ya wazi mara baada ya swali linalohusu hifadhi, ambamo msaili ataandika, au kurekodi kwa sauti, neno ambalo msailiwa mwenyewe alilitumia. Programu zinazotumika sasa zinaruhusu jambo hilo bila gharama ya ziada. Sehemu hiyo huchukua mstari mmoja tu katika jedwali la hojaji, na haipewi orodha ya kuchagua wala jina la Kiingereza. Hujazwa kwa lugha yoyote iliyozungumzwa, iwe Kiswahili, Kisukuma, Kirangi au Kimaasai.