Choma ya Uani: Moto Uwake Nje, Usiwake Ndani

Hivi umeshajiuliza ni kwa nini mwanaume ambaye hajui hata chumvi inakaa kabati gani, ukimpa mkaa na kilo mbili za nyama anageuka mpishi mkuu? Atavua saa, atavaa ile aproni uliyozawadiwa kwenye kicheni pati yako, atashika koleo kama anashika usukani. Wageni wakianza kula utasikia, "Shemeji, mumeo anajua kuchoma!" Shemeji mwenyewe yuko jikoni na kitunguu cha nne, machozi yanamtoka, na kuoga bado.

Tusielewane vibaya. Hakuna chakula cha wikiendi ninachokipenda kama choma ya nyumbani. Unajua nyama imetoka bucha gani, muziki unauchagua mwenyewe, na mtu akichoka anajilaza kwenye mkeka bila kuulizwa kama ataongeza kinywaji. Lakini nimekaa kwenye nyua nyingi za marafiki, kuanzia Tabata mpaka Mbezi, na mara nyingi naona kitu kilekile: sifa zinaenda kwenye moto, kazi inabaki jikoni. Hebu tuhesabu. Kuwasha moto na kuchoma ni kama saa mbili, tena kinywaji kikiwa mkononi na washkaji wakipiga stori pembeni. Kwenda bucha na sokoni, kukata nyama, kutwanga saumu, kukuna nazi, kutengeneza kachumbari, kuosha sahani za watu kumi na mbili, hiyo ni siku nzima, na hakuna anayeisifia. Ndiyo maana Jumapili asubuhi baadhi ya nyumba zinakuwa na nyama iliyobaki kwenye friji na watu wawili wasiosemeshana.

Kwetu tulilimaliza hili mapema. Mwenzangu alipoleta wazo la kuita marafiki kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikamwambia sawa, kwa masharti mawili. Viungo tunaviandaa wote Ijumaa usiku, na anayewasha moto ndiye anayesugua wavu. Alicheka, akadhani natania. Jumamosi ya kwanza, saa tano usiku, alikuwa uani amechuchumaa na brashi ya waya, kicheko kimeisha. Sharti la tatu alilileta yeye mwenyewe baada ya kuona hesabu ya bucha: anayekuja asije mikono mitupu. Mmoja analeta mkaa, mwingine soda, mwingine ndizi. Marafiki wa kweli hawakununa hata mmoja.

Sasa tuingie kwenye moto wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaharibu kabla nyama haijagusa wavu. Huhitaji jiko la bei mbaya kutoka supamaketi. Pipa lililopasuliwa katikati na kuwekewa miguu na fundi wa kuchomelea linatosha kabisa, ilimradi lilibeba kitu salama na lichomwe kwa moto mkali likiwa tupu kabla ya kuanza kulitumia. Mkaa uwashe kwa karatasi na vifuu vya nazi kama bibi zetu wa pwani. Mafuta ya taa yaache, kwa sababu harufu yake inahamia kwenye nyama na hakuna pilipili ya kuificha. Halafu subiri. Mkaa uliokolea ni ule uliofunikwa na jivu jeupe, na hilo linachukua dakika 20 mpaka 30. Usukumie mwingi upande mmoja, upande wa pili ubaki kidogo tu. Upande mkali ni wa kuipa nyama rangi, upande mpole ni wa kuivisha. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka juu, hamisha nyama. Ukimwaga maji utakula majivu.

Tuanze na mishkaki, mfalme wa uani. Kwa watu sita mpaka wanane chukua kilo moja na nusu ya steki, au sarara kama mfuko unaruhusu. Kata vipande vya kama sentimita tatu, na usitupe mafuta yote, kipande cha mafuta kikikaa katikati ya kijiti ndicho kinacholainisha majirani zake. Twanga saumu na tangawizi upate vijiko vikubwa viwili. Weka ndimu moja, kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, kijiko cha chai cha binzari nyembamba, pilipili manga, chumvi na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia.

Halafu papai bichi, kijiko kikubwa kimoja kilichokunwa. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini ambacho kinakatakata protini za nyama, na ndiyo sababu nyama ya ng'ombe aliyetembea kutoka mbali inalainika kama ya hotelini. Lakini kitu hiki hakina huruma. Ukilaza nyama humo usiku kucha, juu inageuka uji na ndani inabaki vilevile. Kwa hiyo Ijumaa usiku weka viungo vyote isipokuwa papai, funika, tia friji. Papai liingie Jumamosi, saa mbili kabla ya kuchoma. Papai lililoiva halifanyi kazi hiyo, kwa hiyo usijaribu kumalizia lile la asubuhi.

Vijiti vya mianzi viloweke kwenye maji nusu saa ili visiungue. Unapotunga, usibane vipande mpaka vikose pumzi, maana moto utapita nje tu na katikati patabaki pabichi. Dakika 10 mpaka 12 juu ya moto wa wastani, ukigeuza kila mara na kupaka mafuta yaliyochanganywa na saumu. Ukiogopa, kata kipande kimoja uone. Hakuna aibu kwenye kukata.

Nataka niseme kitu kuhusu huu utungaji wa mishkaki. Tunaanza Ijumaa baada ya chakula cha jioni kwa zile za kilo moja na nusu, na zikiwa nyingi tunaendelea Jumamosi asubuhi, mmoja huku, mwingine kule, bakuli katikati. Mikono ina kazi, kwa hiyo simu iko mbali. Na macho yako kwenye kijiti, kwa hiyo hamtazamani. Mwanaume ambaye ukimkalisha kwenye kochi na kumwambia "tuongee" anakuwa bubu, hapo anafunguka mwenyewe. Mwaka ule kazini kwake walipopunguza watu, habari hiyo alinipa akiwa kwenye kijiti cha saba au cha nane, bila kuinua uso. Alikuwa ameibeba siku nne. Tulimaliza kutunga, tukaosha mikono, ndipo tukakaa kupanga kodi ya nyumba italipwaje. Wageni wa kesho yake hatukuwafuta. Tulipunguza nyama, tukaongeza mahindi.

Kwa wale wenye wageni wasiokula nyama nyekundu, pishi langu la kujidai ni samaki wa kupaka. Hili ni pishi la watu wa pwani, Lamu, Mombasa, Tanga mpaka Unguja, na kila nyumba itakuambia ya kwake ndiyo sahihi. Mimi natumia changu wa kama kilo moja, mzima, aliyetolewa magamba na matumbo. Kama uko Dar na unaweza kuamka, nenda Feri asubuhi, uangalie macho yawe angavu na matamvua yawe mekundu. Mchane mistari mitatu kila upande, umsugue kwa saumu, tangawizi, chumvi, ndimu na pilipili mbichi iliyotwangwa. Nusu saa inamtosha, maana samaki akilala sana kwenye ndimu nyama yake inakaza.

Wakati amelala, tengeneza mchuzi. Tui zito la nazi mbili, nusu kijiko cha chai cha binzari manjano, punje tatu za saumu zilizopondwa, pilipili, chumvi. Bandika kwenye moto mdogo na ukoroge bila kuacha, kwa sababu tui likiachwa lichemke lenyewe linakatika, mafuta huku na maji kule. Likiwa zito kiasi cha kushika mgongo wa kijiko, epua, ndipo utie maji ya ukwaju vijiko viwili au vitatu. Hii kazi ya kukoroga mpe mgeni anayeuliza "nisaidie nini?" huku akiomba moyoni umwambie hakuna.

Wavu uwe safi, wa moto, na umepakwa mafuta. Mlaze samaki na umwache. Wengi wanaanza kumchokonoa baada ya dakika mbili, ngozi inabaki kwenye wavu na samaki anatoka kama amepigana. Akiwa tayari kugeuzwa atajiachia mwenyewe. Geuza, paka tui upande ulioiva, geuza tena, paka upande wa pili, na uendelee hivyo mpaka tui ligandie na kupata madoa ya kahawia. Mchuzi uliobaki unamwagiwa juu mezani. Kula na wali au mkate wa kumimina. Ukipenda kuona wataalamu wa vitu vya baharini vya kuchoma wakiwa kazini, pita jioni Bustani ya Forodhani, Unguja, ile iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati. Ila samaki wa kupaka nzuri kabisa utaipata kwa mtu, nyumbani.

Mbuzi sina maneno mengi. Mbavu, chumvi, moto mpole, saa moja mpaka saa moja na nusu, basi. Wakenya wana hoja hapa: nyama choma ya kweli haihitaji duka zima la viungo, unaikata kwenye ubao mbele ya walaji, ugali na kachumbari pembeni. Ukiona mtu anamwagia mbavu za mbuzi sosi ya soya, mchukulie koleo taratibu.

Kuku ndiye anayeleta hatari. Wa kisasa mpasue katikati, mchane mpaka karibu na mfupa, alale na ndimu, saumu, tangawizi na pilipili usiku kucha, kisha aive upande mpole wa moto kwa dakika 40 mpaka 50. Kama una kipimajoto cha nyama, sehemu nene kabisa isome nyuzi 74. Kama huna, choma kisu kwenye kiungo cha paja, majimaji yatoke meupe, yasiwe na damu. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza na tangawizi mpaka awe laini nusu, ndipo apande kwenye wavu, la sivyo wageni wataondoka na meno yanayocheza. Na yale maji ya viungo alikolala kuku mbichi usiyageuze sosi bila kuyachemsha vizuri. Sahani iliyobeba mbichi isibebe iliyoiva.

Pembeni sijisumbui sana. Ndizi mzuzu zilizoanza kuiva zichome na ganda lake. Mahindi mabichi yasugue na ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili. Kwenye kachumbari, siri ni kuosha vitunguu na chumvi na kuvikamua, na kutia chumvi ya mwisho wakati sahani zinapangwa, kwa sababu nyanya zilizokaa na chumvi zinageuka supu.

Kama una wageni Waislamu, kitimoto ipumzike siku hiyo, au iwe na jiko lake, wavu wake na koleo lake mbali kabisa. Mtu hapaswi kukaa kwenye ua wako akihesabu koleo limegusa nini. Na mvua ikinyesha, usiingize jiko ndani wala kwenye korido, hata kama mkaa unaonekana umeisha. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na watu wamelala nayo wasiamke. Funikeni nyama, subirini, au malizieni kwenye ovena.

Wavu usafishwe ungali wa moto. Brashi ya waya kwanza, halafu nusu ya kitunguu kwenye uma mrefu, unasugua upande uliokatwa mpaka mabaki yaachie, na mwisho kitambaa chenye mafuta kidogo ili usishike kutu. Angalia nyuzi za brashi zisibaki kwenye wavu. Ni kazi ya dakika kumi ukiwahi, na ya saa nzima ukiiacha mpaka kesho. Kwetu anaijua vizuri sana. Mimi saa hiyo nipo kwenye mkeka, nina hindi la mwisho, namwonyesha pale kwenye kona alipopasahau.