Mvumo wa Spika na Pini Iliyokatwa

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie ule mvumo mzito unaotoka kwenye spika hata muziki ukinyamaza. Sisi wa studioni twaujua sana, maana ukishaingia kwenye kanda iliyorekodiwa kuutoa ni kazi. Nyumbani una dawa, na dawa inayopendwa zaidi mitaani ndiyo inayonitia hofu.

Umeme wa majumbani kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sauti ya mwendo huo ndiyo unayoisikia. Huingiaje? Amplifaya yenye plagi ya pini tatu imeungwa ardhini kupitia soketi. King'amuzi nacho kimefungwa kebo ya dishi, na dishi limegusana na ardhi kwa njia yake, huko juu ya paa. Ukiunganisha king'amuzi na amplifaya kwa waya wa sauti, umefunga duara. Ardhi hizo mbili hazilingani sawasawa, basi umeme kidogo hutembea katika duara hilo kupitia wavu wa waya wa sauti. Amplifaya haijui kubagua. Huukuza pamoja na muziki.

Hapo huitwa fundi. Anakata pini ndefu ya plagi, au anang'oa waya wa ethi ndani yake. Mvumo unakoma papo hapo, mwenye nyumba anafurahi, fundi analipwa. Lakini pini ile haikuwekwa kwa ajili ya kufungua matundu ya soketi tu! Siku waya wa moto utakapolegea na kugusa bodi ya chuma, ethi ndiyo inayovuta umeme mwingi ghafla hadi fyuzi ikakatika. Pasipo ethi, fyuzi hukaa kimya, na bodi hubaki na volti 230 ikimngoja mtoto atakayekuja pekupeku kuongeza sauti.

Kwa hiyo pini isiguswe. Kwanza chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Mara nyingi mvumo hupungua, pengine huisha. Ukibaki, chomoa nyaya za sauti na za antena moja baada ya nyingine, ukianza na ya antena, na uzime amplifaya kila unapochomoa. Waya ambao ukiutoa mvumo unakoma, huo ndio mkosaji. Hapo weka kati ya king'amuzi na amplifaya transfoma ndogo ya kutenganisha sauti: muziki huvuka kwa nguvu ya sumaku bila nyaya kugusana, na duara linakatika. Vipo pia vitenganishi vya kebo ya antena, ila usikiweke kwenye kebo ya dishi, kwani kebo hiyo ndiyo inayopeleka umeme wa kuendesha kichwa cha dishi. Ukiuzuia, picha hupotea.

Wenye santuri watazame ule waya mwembamba wa pembeni. Ukiachwa ukining'inia, mvumo ni lazima.

Na kama umechomoa nyaya zote za sauti na mvumo ungalipo, tatizo limo ndani ya amplifaya yenyewe, aghalabu kapasita kubwa zilizozeeka. Mpelekee fundi anayezifahamu, wala usifungue mwenyewe: kapasita hizo huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.