Si Mwili Unaozoea Dawa

Twasikia mara kwa mara, viwandani na hata katika mikutano ya matawi yetu, watu wakisema kwamba fulani amezimeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mpaka mwili wake umezizoea, na kwamba afadhali azipumzishe kidogo. Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Lakini si ya kweli, na twaona ni wajibu wetu kuyakanusha, kwa kuwa yanaua.

Mwili wa binadamu hauzizoei dawa hizi. Kinachobadilika ni kirusi chenyewe. Kikishaingia katika chembe nyeupe ya damu, kirusi hunakili jeni zake mfano wa karani mwenye haraka, asiyesoma tena alichoandika. Katika mwili wa mgonjwa asiyetibiwa huzaliwa virusi kwa mabilioni kila siku, na makosa ya kunakili hayakosekani. Mengi hayakifai kirusi kitu. Lakini mara mojamoja kosa hutokea mahali pale pale ambapo dawa hushika, na dawa ikifika hukosa pa kushika.

Kosa moja kati ya hayo wataalamu huliita K103N. Ni badiliko la mahali pamoja tu, lakini latosha kuzishinda nevirapini na efavirenzi, dawa zilizotegemewa miaka mingi katika Afrika Mashariki. Utafiti wa Kampala uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama na moja kwa mtoto ilipunguza maambukizo ya watoto kwa karibu nusu. Ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo, baadaye ilionekana kwamba baadhi ya akina mama hao walibaki na virusi sugu. Dawa moja peke yake haitoshi.

Ndiyo sababu tangu mwaka 1996 matibabu yamekuwa ya dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida tatu, maana ni vigumu kirusi kimoja kupata makosa ya kuzishinda zote. Lakini mgonjwa akikatiza, dawa hazitoki mwilini kwa wakati mmoja. Efavirenzi, kwa mfano, hukawia kuliko wenzake, ikabaki ikipigana peke yake. Virusi dhaifu hufa, vilivyo sugu huzaana. Na atakayeambukizwa huweza kuupokea usugu huo kabla hajameza hata kidonge kimoja.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri, ambayo kirusi hupata taabu zaidi kuishinda. Tusijidanganye kwamba vita vimekwisha. Taarifa ya Shirika hilo ya mwaka 2024 ilieleza kwamba uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa ulikuta usugu kwa dawa hiyo wa asilimia 3.9 hadi 8.6, na asilimia 19.6 kwa watu waliohamishiwa dawa hiyo kutoka nyingine, hali virusi vyao vikiwa vingi mwilini.

Basi, nini kifanyike? Ndugu mgonjwa, meza dawa zako kila siku, hata ujionapo mzima, na usikose kupimwa wingi wa virusi. Lakini hatukubali lawama zote zitupwe kwa mgonjwa. Mfanyakazi anayenyimwa ruhusa ya kwenda kliniki, au anayejificha chooni kumeza kidonge kwa kuogopa kuchekwa, amesukumwa kukosa dozi. Mwajiri na atoe ruhusa bila maswali. Viongozi wa matawi na wakomeshe masimango. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayemlazimisha mwenziwe kuficha anashiriki dhambi hiyo.

Serikali nayo ina wajibu wake. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari mwaka 2025, nchi nyingi za Afrika ziliona hatari ya kutegemea mfuko wa mwingine. Ghala likiwa tupu, mgonjwa mtiifu naye hukatiza dawa, na kirusi hakiulizi kosa ni la nani. Twataka fedha za dawa hizi zitengwe kwanza katika bajeti, si kutafutwa mwishoni.

Kirusi hunakili mchana na usiku bila kupumzika. Dawa nayo isipumzishwe.