Mama, Soma na Herufi Ndogo za Boksi la Simu

Mwenzetu mmoja hapa Goba alipokea zamu yake ya mchezo, akashuka Kariakoo kununua simu janja. Boksi liliandikwa kwa herufi kubwa: RAM 4GB. Akalipa kwa furaha. Miezi michache baadaye simu ikaanza kuganda. Usiku mwanawe alipopandwa na homa, akataka kumpigia dereva wa bajaji, kioo kikagoma. Ilimbidi abishe hodi kwa jirani.

Tulipolisoma boksi pamoja, tuliona chini kwa herufi ndogo: 2+2.

Akina mama, simu ni kama jiko. RAM ni meza ya kuandalia. Ikiwa finyu, kazi mbili haziendi pamoja. Hifadhi ni stoo, mnamokaa picha, nyimbo na video. Prosesa ndiye mpishi. Ile "2+2" maana yake meza halisi ni 2GB tu. 2 nyingine zimeazimwa stoo. Na stoo ni ya polepole kuliko meza, tena inapungua nafasi.

Kwa mama anayepiga simu, kutuma fedha, kutumia WhatsApp na kusoma matangazo ya shule, tunashauri RAM halisi isiyopungua 4GB na hifadhi ya 128GB. Hifadhi ya 32GB hujaa upesi, kwani mfumo wa simu wenyewe huchukua sehemu yake kabla hujapiga picha hata moja.

Megapikseli nyingi pekee hazileti picha nzuri. Omba kupiga picha palepale, mahali penye kivuli, uone mwenyewe. Kwa betri, 5000 mAh hutosha siku nzima kwa matumizi ya kawaida. Umeme ukikatika utashukuru.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Zilingane na za kwenye boksi. Tukumbuke Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozifungia simu bandia nchini.

2. Fungua mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", usome RAM, hifadhi na toleo la Android. Toleo likiwa la zamani sana, programu nyingine hazitakubali.

3. Dai risiti na waranti iliyoandikwa.

Sisi wauguzi tulifundishwa kusoma kibandiko chote cha dawa kabla ya kumpa mgonjwa, si jina lake tu. Boksi la simu nalo lisomwe hivyo hivyo, maana fedha iliyotoka ni ya ada na ya unga. Muuzaji akikuharakisha, rudisha pochi mkobani, mama. Duka la pili haliko mbali.