Rada ya Songea na Mawimbi Yasiyofichwa

Songea ina mojawapo ya rada nne za kiraia za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, zilizotengenezwa na Thales ya Ufaransa. Rada ya aina hii huuliza ndege kwa masafa ya megahezi 1030. Ndege hujibu kwa 1090, ikitaja utambulisho na kimo chake. Muda wa jibu kufika huonyesha umbali.

Majibu hayo hayafichwi. Mwenye kipokezi cha bei nafuu huyanasa, na mhalifu mwenye mtambo wa kurusha mawimbi anaweza kutunga ndege isiyokuwepo.

Simu za kizazi cha sita nazo zitaunganisha kupima vitu kwa mawimbi, kama rada, na kuwasiliana katika mnara mmoja. Mawimbi yanayobeba mazungumzo yataweza kuonyesha hata mtu anakotembea. Wadhibiti wetu wa mawasiliano wadai ulinzi wa mawimbi hayo sasa, kabla minara hiyo haijasimikwa.